Kuongoza wafanyakazi ugenini: nibadilike kiasi gani, na nishikilie nini?

Msimamizi Mgeni (mleta mada)

Salamu kwenu wanajukwaa. Kampuni yangu imenikabidhi uongozi wa idara ya matengenezo ya mitambo katika tawi lililoko nje ya nchi, na karibu wote walio chini yangu ni mafundi wenyeji wa huko, wengine wakiwa wamenizidi umri na uzoefu. Nilikolelewa kikazi, mkuu wa idara husikiliza maoni ya wasaidizi wake ofisini, mlango ukiwa umefungwa, kisha hutangaza uamuzi mbele ya wote, na kuanzia hapo mwenye pingamizi hutafuta nafasi ya kumwona faragha. Huku mambo yanakwenda kinyume. Katika kikao kimoja nilikuwa naeleza ratiba mpya ya zamu, na kabla sijafika mwisho, fundi mmoja ambaye hata si kiongozi wa zamu aliinua mkono na kusema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ratiba hiyo haifai kwa sababu mtu anayetoka zamu ya usiku atarudi kazini kabla hajapumzika vya kutosha. Baada ya hapo aliendelea kunywa kahawa yake, wenzake wakatikisa vichwa kumuunga mkono, na isipokuwa mimi, hakuna aliyeonyesha dalili ya kuona kwamba limetokea jambo lisilo la kawaida.

Mwenzangu mmoja wa makao makuu ananishauri nimwandikie fundi huyo onyo mapema, la sivyo nitapandwa kichwani. Mwingine ananiambia nigeuke niwe kama wao, niitwe kwa jina langu la kwanza na niache kabisa kuamua peke yangu. Ushauri wote wawili unanitia mashaka. Naomba wenye uzoefu mnisaidie: kiongozi anayefanya kazi ugenini abadilishe nini na ashikilie nini, na atamtambuaje anayempinga kwa nia njema na anayemdharau?

Karani wa Vikao

Ndugu mleta mada, kisa umekieleza vizuri lakini hukutaja nchi, na bila kuijua, ushauri wowote utakaopewa hapa utakuwa wa kubahatisha, kwa kuwa kitendo hichohicho cha fundi wako hubeba uzito tofauti kulingana na mahali kilipotendeka. Kazi yangu kwa muda mrefu imekuwa kuandika kumbukumbu za vikao katika shirika lenye matawi ya nchi mbalimbali, na naona kinachowapoteza wakuu wengi wageni ni kudhani kwamba kikao kina kazi ileile kila mahali.

Japani, katika kampuni nyingi zinazofuata desturi za zamani, kikao kikubwa huja mwishoni. Pendekezo huwa limekwisha kuzungushwa kwa maandishi kutoka meza hadi meza, kila mkuu wa sehemu akalipiga muhuri wake, na wenye wasiwasi wakafuatwa mmoja mmoja siku kadhaa kabla, kiasi kwamba kinachobaki ukumbini ni kuidhinisha yaliyokwisha kukubaliwa. Meneja mgeni akisimama hapo na kuuliza ni nani mwenye maoni tofauti, atajibiwa kwa kimya, ataondoka akiamini kuwa amekubaliwa, kisha atashangaa kwa nini kazi haianzi. Kwa Wajerumani na Waholanzi, kikao ndipo mahali pa kuibana hoja ili kuona kama itasimama, na anayenyamaza hapo huhesabiwa kuwa hana la kuongeza. Kwa hiyo, kabla ya kujiuliza kama umedharauliwa, jiulize huko uliko mabishano hufanyikia wapi: kabla ya kikao, ndani yake, au baada yake.

Utaelekezwa pia kwenye takwimu za mtafiti Mholanzi Geert Hofstede, aliyechambua madodoso zaidi ya 100,000 ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM yaliyokusanywa kati ya mwaka 1967 na 1973, akapima, pamoja na mengine, ni kwa kiasi gani watu wa ngazi za chini wanakubali kwamba madaraka hayagawanywi kwa usawa. Katika kipimo hicho, ambapo namba kubwa humaanisha kukubali zaidi, Austria ilipata 11, Denmark 18, Uholanzi 38, Ufaransa 68 na Malaysia 104. Namba hizi zinafaa kukutahadharisha, na mimi siendi nazo zaidi ya hapo, kwa sababu waliohojiwa walikuwa waajiriwa wa kampuni moja, na zaidi ya hilo, Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia ziliwekwa katika fungu moja la Afrika Mashariki na kupewa alama moja, 64. Aliyewahi kufanya kazi Nairobi na Dar es Salaam, achilia mbali Addis Ababa, ataona mara moja ni mangapi yamepotea katika fungu hilo, na hana sababu ya kuamini kwamba fundi mmoja wa kigeni anaelezeka kwa namba ya nchi yake.

Msimamizi Mgeni (mleta mada)

Asante sana, Karani. Nchi yenyewe ni Uholanzi, na tawi letu lina wafanyakazi zaidi ya 50. Niongeze kwamba fundi ninayemzungumzia ndiye huwahi kufika mtambo unapoharibika, na sijawahi kusikia kwamba amekwepa kazi.

Liko na jambo jingine lililonitatiza. Mfanyakazi mmoja alipiga simu asubuhi kuniarifu kwamba anaumwa, nami, kama mtu yeyote mwenye utu angefanya, nikampa pole na kumuuliza anasumbuliwa na nini. Alinyamaza kidogo, akarudia kwamba anaumwa, kisha akaniaga. Nimebaki nikijiuliza kama hata kumjulia mtu hali huku ni kosa.

Afisa Utumishi

Ndugu Msimamizi, wazo la onyo liweke kando kwanza, kwa sababu katika mambo yote mawili uliyoyataja, kabla hatujafika kwenye desturi, iko sheria. Wenzetu wengi wanaopelekwa nje hupewa semina ya namna ya kusalimiana na kubadilishana kadi, halafu hakuna anayewaambia ni uamuzi gani ambao meneja wa nchi hiyo hana mamlaka ya kuufanya peke yake.

Tuanze na zamu. Nchi za Umoja wa Ulaya zinafuata maagizo ya mwaka 2003 kuhusu muda wa kazi, ambayo yanampa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 11 mfululizo katika kila kipindi cha saa 24. Sheria ya Uholanzi inaongeza kwamba zamu ya usiku inayomalizika baada ya saa 8 usiku hufuatwa na mapumziko ya angalau saa 14, yanayoweza kupunguzwa kwa masharti, na si zaidi ya mara moja kwa wiki. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba fundi wako hakuwa akitoa maoni yake binafsi juu ya ratiba yako, bali alikuwa akikuzuia usiingie kwenye uvunjaji wa sheria mbele ya mashahidi, na alichagua kulisema hapohapo kwa sababu katika mazingira yake kumwacha mkuu aendelee na jambo lenye kasoro, kisha kumnong'oneza baadaye, ndiko kungeonekana unafiki.

La pili ni baraza la wafanyakazi. Nchini humo kampuni yenye watu 50 au zaidi inatakiwa kuwa na baraza linalochaguliwa na wafanyakazi wenyewe, na ziko kanuni ambazo mwajiri hawezi kuziweka, kuzibadilisha wala kuzifuta bila ridhaa ya baraza hilo. Miongoni mwake ni mpangilio wa muda wa kazi, mfumo wa mishahara, usalama kazini na utaratibu wa kutathmini wafanyakazi. Baraza likikataa, mwajiri anaweza kuomba idhini mahakamani, lakini akipitisha mabadiliko bila ridhaa wala idhini, baraza lina mwezi mmoja wa kuandika kwamba uamuzi huo ni batili. Uliza leo, kabla ya kikao kingine chochote, kama ratiba yako ni mgawanyo wa watu ndani ya mpangilio uliokwisha kuridhiwa au ni mpangilio mpya. Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha kama ulikuwa na haki ya kuitangaza.

Usidhani hili ni la Uholanzi pekee. Ujerumani, wafanyakazi wanaweza kuchagua baraza lao hata katika sehemu ya kazi yenye waajiriwa watano wa kudumu, na saa za ziada pamoja na vifaa vya kufuatilia utendaji haviwekwi bila baraza kukubali. Uswidi, tangu sheria ya mwaka 1976 ianze kutumika, mwajiri aliyefungwa na mkataba wa pamoja hutakiwa kufungua mazungumzo na chama cha wafanyakazi kabla ya kuamua mabadiliko makubwa. Meneja anayetoka mahali ambapo kushauriana ni hisani ya mkuu huchukua muda kuzoea kwamba hapa kushauriana ni hatua ya kisheria. Walmart, kampuni ya maduka ya Kimarekani, walipopeleka Ujerumani maadili ya kazi yaliyoandikwa makao makuu yao, yakiwa na kifungu cha kuzuia mapenzi kati ya wafanyakazi, mahakama ya rufaa ya kazi ya Düsseldorf ilikitupilia mbali kifungu hicho mwaka 2005. Mwaka uliofuata kampuni iliuza maduka yake na kuondoka katika nchi hiyo, ingawa sababu za kuondoka zilikuwa nyingi na kesi ile haikuwa kubwa kuliko zote.

Kuhusu mgonjwa wako, kumpa pole si kosa hata kidogo, na endelea kufanya hivyo. Kisichoruhusiwa huko ni mwajiri kuuliza aina au chanzo cha ugonjwa. Unaweza kumuuliza anatarajia kurudi lini, ni kazi gani iliyoko mikononi mwake inayohitaji kukabidhiwa mtu mwingine, na kama kuumwa kwake kumetokana na ajali ya kazini. Yanayobaki ni ya daktari wa kazini, ambaye atakueleza mfanyakazi anaweza kufanya nini na hawezi kufanya nini, bila kukutajia ugonjwa. Ukumbuke kwamba mwajiri analipa angalau asilimia 70 ya mshahara wa mgonjwa kwa muda unaoweza kufikia wiki 104, kwa hiyo mtu aliyeumwa ana sababu nzuri ya kutotaka meneja wake ajue undani wa afya yake. Ule ukimya wa kwenye simu ulikuwa, kwa maoni yangu, ni wa mtu anayetafuta namna ya kukuepusha na aibu.

Mkongwe wa Kiwandani

Nakubaliana na Afisa kuhusu sheria, lakini naona mjadala unaelekea kuamini kwamba watu hutenda kazini kama walivyolelewa nyumbani, basi. Mfano unaonizuia kuamini hivyo ni kiwanda cha magari cha Fremont, California. General Motors walikifunga mwaka 1982, kikiwa na sifa mbaya ya utoro, migomo na magari yenye kasoro. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota kwa jina la NUMMI, na wengi wa walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani, pamoja na chama chao kilekile cha wafanyakazi. Wengi walitabiri kwamba mtindo wa Kijapani hautashika kwa Wamarekani, lakini haukupita muda mrefu ubora wa magari yaliyotoka hapo ukakaribia ule wa viwanda vya Japani.

Angalieni kilichobadilishwa. Chini ya uongozi wa zamani, kusimamisha mstari wa uzalishaji lilikuwa jambo la kumfukuzisha mtu kazi, hivyo gari bovu lilipita na kasoro zake likarekebishwe mbele. Waliporudi walikuta kamba juu ya vichwa vyao, na kila fundi aliruhusiwa kuivuta akiona tatizo. Kiongozi wa timu alikuwa na wajibu wa kufika mara moja na kuuliza asaidie nini, na kama tatizo lisingetatuliwa ndani ya muda uliowekwa, mstari ulisimama. Viongozi wa timu walipelekwa kwanza Japani kufanya kazi bega kwa bega na wenzao wa huko ili waone kwa macho kwamba anayevuta kamba haadhibiwi. Mtu aliyekuwa akificha kasoro alianza kuitangaza kwa sababu malipo ya kusema ukweli yalikuwa yamebadilika, ilhali yeye alibaki Mmarekani yuleyule.

Ndiyo maana swali ninalokuuliza wewe, ndugu Msimamizi, ni hili: huko kwako habari mbaya hupandaje kutoka kwa fundi hadi kwako, na anayeileta hupata nini? Ukimwandikia onyo fundi yule, umeikata kamba. Hakuna atakayekupinga tena kikaoni, utafurahi kwa muda, kisha utaanza kujulishwa hitilafu za mitambo na watu wa uzalishaji badala ya watu wako mwenyewe.

Na kuhusu dharau, mimi siitafuti kwenye maneno wala kwenye namna mtu alivyokaa na kikombe chake, bali kwenye kazi baada ya kikao. Anayekupinga mbele ya watu wote, mkaafikiana, kisha akatekeleza kilichoamuliwa hata pale ambapo hoja yake haikushinda, huyo anakuheshimu. Anayekuitikia kwa adabu zote, halafu kila mara unakuta alichoagizwa hakikufanyika na sababu ni mpya kila wiki, huyo ndiye wa kuitwa ofisini, awe mwenyeji au mgeni.

Niliongozwa na Mgeni

Mimi nazungumza kutoka upande wa pili, kwa kuwa niliwahi kuongozwa na meneja aliyetoka nchi ya mbali na aliyekuwa ameambiwa, kama ulivyoambiwa wewe, awe kama sisi. Alijitahidi mno. Aliomba tumwite jina lake la kwanza, alikaa nasi wakati wa chakula, alicheka hata pasipochekesha, na kila jambo alilileta kwetu akisema tuamue pamoja. Tatizo ni kwamba mara nyingi alikuwa amekwisha kuamua, na sisi tuliligundua hilo pale tulipotoa maoni yakaandikwa yote kwa uangalifu, halafu likafanyika lilelile lililokuwa kwenye karatasi yake tangu mwanzo. Ingekuwa heri atuambie wazi kwamba jambo fulani limeamuliwa na anachotaka kwetu ni namna ya kulitekeleza. Kuulizwa maoni yasiyo na kazi kuliwaudhi watu kuliko amri.

Kwa hiyo, kwa kila ajenda, sema mapema ni ya aina gani: unatoa taarifa, unaomba ushauri kabla hujaamua, au unawaachia wao waamue. Wenyeji wa nchi zenye desturi ya usawa hawataki mkuu asiye na mamlaka, kama wageni wengi wanavyodhani, bali wanataka kujua mamlaka hayo yanaanzia wapi. Hayo mengine ya majina na meza ya chakula yafuate kadiri yasivyokusumbua, kwani mtu anayeigiza huonekana hata na wasiojua lugha yake.

Juu ya nini cha kushikilia, uko utafiti mkubwa wa uongozi ulioanzishwa na mtafiti Robert House miaka ya 1990, ambao uliwahoji mameneja wapatao 17,000 katika jamii 62. Kuwa mwaminifu, mwenye haki, mwenye kuona mbali na mwenye kutia watu moyo kulionekana kuwa sifa ya kiongozi bora karibu kila mahali, na ukali wa hasira pamoja na udikteta ukakataliwa karibu kila mahali, wakati mambo kama tahadhari, tamaa ya cheo na kujitegemea katika uamuzi yalisifiwa kwingine na kulaumiwa kwingine. Nikirudi kwa meneja wetu, tulimvumilia makosa mengi ya kutojua desturi kwa sababu hakuwahi kumpendelea mtu katika kugawa zamu za sikukuu.

Msimamizi Mgeni (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Nimeuliza kuhusu ratiba, nikaelezwa kwamba ni mpangilio mpya na unahitaji ridhaa ya baraza, kwa hiyo nimeisimamisha na nimeomba kukutana na mwenyekiti wa baraza kabla ya kuiandika upya. Fundi yule nimemwomba ashiriki kuipanga, naye amekubali, ingawa ameniambia papo hapo kwamba rasimu ya kwanza ilikuwa na kasoro nyingine ambazo hakuzitaja kikaoni kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha. Kilichobaki ni makao makuu, ambako mwenzangu bado anasubiri kusikia kwamba nimetoa onyo, na nikimwambia kwamba nimesimamisha ratiba yangu mwenyewe kwa sababu ya neno la fundi, atasema nimeshindwa kuongoza.

Karani wa Vikao

Usimweleze kwa simu, ndugu yangu. Mwandikie, na uandike kwa mpangilio ambao watu wa makao makuu wanauelewa: taja kwanza kifungu cha mapumziko baada ya zamu ya usiku, kisha takwa la ridhaa ya baraza na muda wa mwezi mmoja ambao baraza linao wa kuubatilisha uamuzi, halafu tarehe unayotarajia ratiba mpya ianze. Kisa cha kikaoni usikitaje kabisa katika barua hiyo, kwa sababu kwa msomaji wa upande wa pili kitafunika mengine yote. Katika kumbukumbu za kikao cha huko, kwa upande mwingine, andika waziwazi kwamba hoja ya mapumziko iliibuliwa na fundi, jina lake likiwepo, na kwamba ilikubaliwa. Wafanyakazi wa huko husoma kumbukumbu hizo mstari kwa mstari, na mwenyekiti wa baraza atakuwa amekwisha kuzipitia kabla hamjaonana.

Afisa Utumishi

Naongeza moja tu juu ya hilo la Karani. Muulize fundi kwanza kama anapenda jina lake liwekwe. Huenda akashangaa kuulizwa, lakini ni afadhali hivyo.